Maksai Anayelala, Mbwa Asiyekimbia

Maksai akilala kwenye mfuo, kazi ya siku hiyo imekwisha. Hapa Kisegi, Kenya, chini ya milima ya Gwassi, mkulima wa plau anaijua hali hiyo: mnyama amekunja miguu katikati ya shamba, mwenzake wa nira amepindishwa shingo, na wingu la Machi linajikusanya upande wa ziwa. Kinachofuata pia kinajulikana. Fimbo, kelele, mkia kusokotwa. Siku ya mnada mnyama huyo anauzwa kwa mchinjaji, na shtaka lake ni uvivu.

Mbali kabisa na hapa, Alaska, Greenland na kaskazini mwa Kanada, wako watu wanaoujua mgomo huohuo tangu enzi za mababu zao, ila mnyama wao ni mbwa na mzigo wao ni sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Ningeweza kumlinganisha maksai wetu na farasi wa shamba wa Uingereza, na ulinganisho ungekuwa rahisi zaidi. Nimemchagua mbwa kwa sababu hana hatamu. Mwendeshaji husimama nyuma ya sleji, kundi zima likiwa mbele yake, na hana kamba ya kumgeuzia kichwa mbwa kiongozi. Ana sauti tu. Mbwa akiamua kuketi, fimbo itamtisha, lakini haitamfanya apende kukimbia. Na mbwa anayeburuzwa na wenzake ni mzigo juu ya mzigo. Uvumilivu wa watu wale umezaliwa na shida hiyo.

Tusiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Mnorwe Roald Amundsen, aliyesafiri kwa sleji za mbwa, alipofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, safari yake ilikuwa imeanza na mbwa 52. Waliorudi kambini walikuwa 11. Wengi waliuawa njiani kwa mpango uliopangwa mapema, wakawa chakula cha wenzao na cha watu. Nao Wainuit, wenyeji wa nchi zile za kaskazini, wana viboko virefu kuliko vyovyote nilivyowahi kuona mikononi mwa wachungaji wetu. Kwa hiyo ninachokitafuta kule ni ufundi, huruma tunayo ya kwetu.

Ufundi wenyewe huanza mwilini. Mbwa aliyekuwa akikimbia vizuri kisha akakataa, hukaguliwa kwanza nyayo, viungo vya miguu ya mbele, na kwapa, mahali mikanda inapochubua. Akikutwa mzima, huulizwa swali la pili: nini kilimtisha? Pengine sleji ilimgonga kwa nyuma kwenye mteremko, pengine alinaswa kwenye kamba wenzake wakamburuta. Huyo hurudishwa darasa la kwanza. Huvishwa mikanda wakati wa kula, bila mzigo wowote, mpaka mikanda ifanane na habari njema. Kisha hukokota kitu chepesi, tairi dogo au kipande cha gogo. Baadaye hufungwa ubavuni mwa mbwa mzee mtulivu, wakaenda mwendo mfupi, na husimamishwa akiwa bado ana hamu. Hapo ndipo penye siri kubwa: somo hukatwa kabla mwanafunzi hajachoka. Mahali pa mbele, pa kuongoza, hapewi mpaka apone woga.

Mzee yeyote wa Gwassi au Nyatike aliyelima na ng'ombe atasema hakuna jipya hapo, naye atakuwa na haki. Fahali mchanga aliyehasiwa hufungwa nira na mkongwe, wakatembezwa bila mzigo, kisha wakavuta gogo, kijana akitangulia mbele na mwingine akifuata nyuma. Mwalimu hasa ni yule mkongwe, kama ilivyo kwa mbwa. Katika hili Mluo, Msuba na Minuit wanakubaliana bila kuwahi kuonana.

Wanapoachana ni kwenye kalenda. Wenye mbwa huanza mazoezi majira ya vuli, theluji haijaanguka, mbwa wakikokota vigari vya magurudumu kwenye njia za udongo. Sisi humkumbuka maksai mvua ya kwanza ikinyesha. Wakati huo ametoka kwenye kiangazi cha Januari na Februari, mbavu zinahesabika, malisho yameisha. Tena akimaliza shamba la mwenyewe hukodishwa kwa ekari kwa majirani. Mbwa wa mashindano ya Iditarod, yanayokimbiwa Alaska tangu 1973, hula takriban kalori 10,000 kwa siku. Maksai wetu hutakiwa nguvu zake zote katika mwezi ambao anazo kidogo kuliko miezi yote. Ukimwita mkaidi, unaita njaa kwa jina la tabia.

Na kuna mbung'o. Bonde la Lambwe, hapa jirani, penye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, limejulikana kwa miaka mingi kwa nzi hao na kwa nagana, ugonjwa wanaoueneza kwa ng'ombe. Nagana humaliza damu polepole. Mnyama hula, hutembea, huonekana wa kawaida kwa mbali, lakini akifungwa plau hulala. Hapo hakuna mafunzo yatakayosaidia, inahitajika dawa.

Suala la nira nalo si dogo. Ng'ombe wa kienyeji ana nundu, na nira hupata pa kuegemea mbele yake. Mbwa huvuta kwa kifua, na ndivyo mikanda yake ilivyoshonwa. Punda pia anapaswa kuvuta kwa kifua, kwa sababu nundu hana, lakini wako wanaomfunga nira ya ng'ombe kisha wakashangaa anaporusha mateke. Pwani husemwa punda afe mzigo ufike, na huenda ndiyo methali iliyowaumiza wanyama wengi kuliko zote, ingawa Lamu, mji wa punda, kuna kliniki ya kuwatibu tangu miaka ya 1980.

Basi, wewe mwenye maksai anayelala: kabla hujampeleka mnadani, vua nira, pitisha kiganja shingoni mwake utafute kidonda. Tazama ufizi na ndani ya kope kama pamepauka, na ukiona hivyo mwite daktari wa mifugo. Akiwa mzima, anza naye upya Januari, ukiwa umemwekea mabua ya mahindi ya msimu uliopita, na gogo lake la kwanza liwe jepesi.