Nta ilipokosewa jina, vyungu vikagandana

MWEZI uliopita nilipigiwa simu na mama mmoja mfinyanzi wa Bungoma. Salamu zilikuwa fupi. "Profesa, hiki kitabu chenu kimenimaliza," akasema. Kitabu chenyewe ni kijitabu cha mafunzo ya ufinyanzi kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, nami ndiye niliyekihariri. Kwa kuwa nilikuwa Kitale, kesho yake nilipanda matatu nikaenda kujionea.

Alinionyesha mabakuli kumi na manne yaliyogandamana na rafu za joko. Ukitaka kubandua moja, shurti ulivunje.

Nieleze kidogo, kwa maana si kila msomaji amewahi kusimama karibu na joko. Katika ufinyanzi wa kisasa, chombo huchomwa mara mbili. Kikishachomwa mara ya kwanza, huchovywa ndani ya gileizi, yaani ule uji wa unga wa mawe, udongo na wakati mwingine majivu, ambao motoni hugeuka kuwa kioo. Gileizi ikisalia kwenye kitako itayeyuka na kukigandisha chombo kwenye rafu. Kwa hiyo fundi hupaka kitako nta iliyoyeyushwa, kisha ndipo anachovya. Maji na nta havipatani, basi gileizi huteleza na kuacha kitako kitupu. Nta yenyewe huungua yote motoni. Wengine huchora maua kwa nta hiyo hiyo, na pale palipopita brashi hubaki rangi ya udongo.

Mtafsiri, kijana mwenye bidii, alikuwa ameandika "upinzani wa nta", neno kwa neno. Nilicheka. Utadhani nta imesusia kikao cha bunge! Nikalifuta, nikaandika "kuhami gileizi kwa nta", nikajiona nimefanya jambo. Lakini ukimwambia mtu ahami kitu kwa nta, si atakipaka nta juu? Ndivyo alivyofanya mama huyu. Alichovya, akangoja gileizi ikauke, akapaka nta juu yake ili isibanduke. Motoni nta ikaisha, gileizi ikabaki mahali pake ikayeyuka. Kosa halikuwa lake hata chembe.

Njiani nikirudi Kitale nilijiuliza: lugha yenye chungu, mtungi, kaango, chetezo, gae na joko, imekuwaje ikanitupa mkono hapa?

Nilikulia kwa kukhu wangu, ambaye alifinyanga. Alijenga chungu kwa kupandisha mikunjo ya udongo, akakilainisha, kisha akaviringisha kamba fupi iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ili iache nakshi. Nakshi za namna hiyo zimeelezwa katika kitabu Kenyan Pots and Potters cha mwaka 1989, kilichohaririwa na Jane Barbour pamoja na Simiyu Wandibba. Vyungu vilichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto wa wazi aghalabu hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za selsiasi, ilhali gileizi nyingi huhitaji zaidi ya 1,000. Kukhu hakuhitaji gileizi, na kwa mtungi wa maji ingekuwa hasara. Chungu kisicho na gileizi hutoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto, maji yanapoa. Chungu kipya cha kupikia alikipikia uji mwepesi kwanza ili vijitundu vizibe. Yaani kuziba tulikujua, ila tuliziba kwa uji.

Pwani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, ingawa kwa njia nyingine. Waswahili walivijua vyombo vya gileizi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika magofu ya Shanga na Manda, visiwani Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya rangi ya feruzi kutoka Ghuba, na kule Mambrui mabakuli ya Uchina yalipachikwa kwenye kaburi la mnara. Lakini vyombo hivyo vililetwa na majahazi vikiwa tayari. Chungu cha wenyeji kiliendelea kuchomwa bila gileizi. Mwenye kununua bakuli huhitaji jina la bakuli, hana haja na jina la uji alimochovywa. Wakaliita kauri, jina la kombe lile jeupe linalong'aa. Ajabu ni kwamba Waitaliano nao waliita vyombo vya Uchina kwa jina la kombe hilo hilo, bila ya kuulizana na mtu wa Lamu.

Nta tulikuwa nayo tele, tena ya nyuki. Matumizi yake kwenye vyungu ndiyo yaliyokuwa ya wenzetu. Mafundi wa Uchina wa enzi ya Tang, kati ya 618 na 907, waliitumia kuacha madoa meupe katikati ya rangi zinazotiririka.

Wapo watakaosema kwamba mfinyanzi asiye na gileizi yuko nyuma. Siwaungi mkono. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisomea Uingereza na kufika Abuja, Nigeria, katikati ya miaka ya 1970. Gileizi anaijua vizuri. Hata hivyo vyungu vilivyompa sifa ulimwenguni havina gileizi. Huvisugua mpaka ving'ae, kisha huvichoma.

Lakini mama wa Bungoma anauza mabakuli ya chai na supu, na wateja wake wanataka yanayong'aa. Nilirudi kwake wiki mbili baadaye na rasimu ya marekebisho: "ziba kitako kwa nta kabla ya kuchovya". Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Hii naelewa," akasema. "Lakini Profesa, si mngesema tu uvishe bakuli kiatu cha nta, ndio uliingize kwenye uji?"

Toleo la pili limekwenda kwa mpigachapa. Ukurasa wa 9 una kichwa "Kiatu cha nta", na chini yake onyo kwamba nta iyeyushwe kwa sufuria iliyokaa ndani ya maji moto, isiwekwe motoni moja kwa moja, maana hushika moto. Mabakuli kumi na manne nimeyalipia mimi.