Tetemeko la 1928 lilikuta bonde halina maghorofa. Lijalo litatukuta kwa ploti

Ijumaa usiku, Januari 6, 1928, ardhi ya Subukia ilipasuka. Nikisema ilipasuka namaanisha vile ulivyosoma. Kando ya ule mteremko wa Laikipia na Marmanet, ufa ulifunguka kwa urefu wa kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2 kuliko ule mwingine. Ukubwa wake ulikuwa 6.9. Nairobi walilisikia. Ndilo tetemeko kubwa zaidi lililowahi kurekodiwa kwa mitambo ndani ya Kenya, na lilitokea kaunti hii yetu ya Nakuru, zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa barabara kutoka hapa Karagita.

Sasa uliza watu kumi hapo steji kama wamewahi kulisikia. Shuleni tulichora Bonde la Ufa mpaka penseli zikaisha. Tulikariri kwamba Longonot ni volkeno na kwamba Olkaria kuna mvuke. 1928 haikutajwa. Nchi ina ukumbusho wa kila kitu, lakini usiku ambao bonde lenyewe lilisonga hauna hata kibao kando ya barabara.

Mbona tumesahau? Jibu langu ni kwamba halikuua watu wengi, na sisi hukumbuka misiba kwa kuhesabu majeneza. Lakini lazima tuulize mbona halikuua wengi, kwa sababu hapo ndipo stori inakuwa yetu.

Angalia nani aliishi Subukia na Solai wakati huo. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka bonde kwa mkataba wa 1904, kisha wakaondolewa Laikipia kati ya 1911 na 1913, ili masetla wapate nafasi. Kwa hivyo 1928 palikuwa na mashamba makubwa ya wazungu, nyumba moja huku, nyingine kilomita kadhaa kule. Katikati yao waliishi maskwota, Waafrika waliolima shamba la mtu ili waruhusiwe kukaa hapo. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie setla kazi siku 180 kwa mwaka. Mtu anayeweza kufukuzwa wakati wowote hajengi nyumba ya mawe. Alijenga kwa fito, udongo na nyasi.

Tetemeko lilipokuja, nyumba zilizopata shida zaidi ni zile nzito za masetla. Ukuta wa fito hucheza na ardhi. Hata ukianguka, unatoka ukiwa na vumbi na mikwaruzo. Ukuta wa mawe hauchezi. Husimama, husimama, halafu unakuja wote mara moja. Na kwa sababu masetla ndio waliokuwa na magazeti na barua, habari nyingi zilizobaki ni zao. Mwaka wa 1991 mtaalamu wa Imperial College ya London, Nicholas Ambraseys, alikusanya kumbukumbu hizo na kuandika upya habari za tetemeko lile. Skwota aliyeamshwa usiku ule akakimbia nje na watoto wake hatumsikii popote.

Sasa leta picha ya leo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 kaunti ya Nakuru. Mji wa Nakuru ukawa jiji Desemba 2021, na maghorofa yanapanda kila mwezi. Huku Naivasha, maua yalianza kulimwa kwa biashara kando ya ziwa, na miaka ya 1970 kuendelea watu wakaja kutoka kila kona ya Kenya kutafuta kazi. Karagita ilizaliwa hivyo: ploti kwa ploti, chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja lenye grili, mawe ya kuchonga na mabati juu. Halafu ploti zikaanza kuongezwa ghorofa.

Unaona kilichobadilika na kile hakijabadilika? Bado tunakaa kwa shamba la mtu. Bado anayelala ndani ya nyumba siye aliyeamua itajengwa vipi. Tofauti ni kwamba skwota wa 1928 alilala chini ya nyasi, na sisi tunalala chini ya mawe.

Mtu ataniambia 6.9 ni namba tu. Sawa, tuitafutie wenzake. Septemba 10, 2016, Bukoba kule Tanzania ilipigwa na tetemeko la 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakaumia, mamia ya nyumba zikaanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Hiyo ilikuwa Jumamosi mchana, wengi wakiwa nje. Kwenye hesabu za matetemeko, kila hatua moja kamili ni nguvu mara 32 hivi. Kwa hivyo la Subukia lilitoa nguvu karibu mara 32 kuliko la Bukoba, tena usiku, watu wakiwa ndani.

Mwenzake wa pili ni Haiti, Januari 12, 2010. Ukubwa 7.0, karibu sawa na letu. Waliokufa ni zaidi ya 100,000. Lile lilipiga karibu na mji mkuu uliojaa nyumba za matofali na saruji zilizojengwa bila vyuma vya kutosha. Ukilinganisha Subukia ya 1928 na Port-au-Prince ya 2010, tofauti kubwa iko juu ya ardhi, kwa nyumba na idadi ya watu waliolala ndani yake. Na Nakuru ya leo inafanana na ipi kati ya hizo mbili? Jibu unalo.

Tumepewa onyo zaidi ya mara moja. Julai 2007, matetemeko yalipofuatana karibu na mlima Gelai na Oldoinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, watu Nairobi walikimbia kutoka maofisini wakasimama barabarani wakiangalia juu. Machi 2018 ufa mkubwa ulitokea upande wa Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Dunia nzima ikapiga picha na kusema Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi wakaeleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imebeba majivu ya volkeno yaliyojaza shimo la zamani. Bonde linafunguka, ndiyo, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Tulishangilia shimo la mvua, na ufa wa kweli wa kilomita 38 tukauacha kwa makaratasi ya wasomi.

Kuna wanaosema tusitishe watu, tetemeko kubwa lingine linaweza kuja baada ya miaka 200. Inawezekana. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia siku, na ukiona ujumbe wa WhatsApp unaotaja saa kamili, futa. Lakini angalia vizuri vitu vya kujiandalia tetemeko. Vingi vinakuokoa na moto pia, na mafuriko, na jengo kuanguka lenyewe bila tetemeko lolote. Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016, ghorofa lilianguka usiku wa mvua na watu karibu 50 wakafa. Ardhi haikutetemeka hata kidogo. Solai yenyewe, jirani ya ule ufa wa 1928, ilipoteza watu zaidi ya 40 Mei 9, 2018 bwawa lilipopasuka usiku. Huku kwetu usiku umeua sana.

Kwa hivyo tuanze na usiku. Ploti nyingi hufunga geti kwa kufuli saa nne au saa tano, na ufunguo hukaa na mtu mmoja. Hiyo ni kwa sababu ya wezi, tunaelewa. Lakini familia 20 nyuma ya kufuli moja, ardhi ikicheza au moto ukiwaka, ni noma. Ufunguo wa pili kwa mpangaji anayeaminika karibu na geti hugharimu pesa ya chakula cha mchana. Ongeeni na mwenye ploti kama kikundi, si mmoja mmoja. Na kila mtu awe na ufunguo wa mlango wake mahali pamoja kila siku, pale mkono unafika hata gizani.

Ndani ya chumba, lala chini kwa kitanda chako uangalie juu. Kila kizito ulichopanga juu ya kichwa chako, kishushe. Sanduku la bati juu ya kabati, spika, mtungi wa maji, zote ziende chini. Kabati lifungwe ukutani kwa waya na msumari wa simiti. Mtungi wa gesi ufungwe valvu kila ukimaliza kupika, na ukae mahali hautaangukiwa. Stima za ploti zikikatika na gesi ikinuka, usiwashe kiberiti kutafuta njia. Weka tochi karibu, hata ya simu ndogo. Na viatu kando ya kitanda: baada ya tetemeko sakafu huwa glasi tupu, na watu wengi huumia miguu tu.

Mtikisiko ukianza, sekunde ni chache. Kama uko ghorofani, usikimbilie ngazi. Inama, ingia chini ya meza imara au kando ya kitanda, linda kichwa na shingo, shikilia mpaka iishe. Kama uko chini kwenye ploti ya mawe na mlango unafunguka moja kwa moja mahali wazi, na unaweza kutoka kwa hatua mbili tatu, toka, uende mbali na kuta na nyaya. Ikitulia usirudi haraka kuchukua simu. Tetemeko kubwa huja na wadogo wake, na ukuta uliopasuka mara ya kwanza husubiri wa pili.

Kubalianeni mtakutana wapi, kwa sababu mtandao utajaa. Uwanja, kanisa, popote pa wazi mnapojua wote, pamoja na mtoto aliye shuleni na mama aliye zamu shambani. Weka nakala ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa karatasi ya plastiki, pamoja na noti kidogo, kwa sababu M-Pesa bila mtandao ni namba kwa skrini. Mitungi miwili ya lita 20 ijae maji siku zote. Huku kwetu tayari tunajua maji kukatika. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, iandike ukutani.

Hizo ni zetu. Zile kubwa si zetu, na tusikubali kubebeshwa. Mpangaji hawezi kuweka mkanda wa zege wenye vyuma juu ya ukuta, ule mafundi huita ringi bimu, unaoshikanisha kuta nne zisiachane. Mpangaji hawezi kukataa ghorofa la tatu juu ya msingi uliochimbwa wa nyumba ya chini. Na huku kando ya ziwa tumesimama juu ya majivu ya volkeno na udongo laini, ardhi ya aina inayotikisika zaidi ya mwamba. Kenya iliandika kanuni za kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973. Kwa hivyo serikali ilijua kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kaunti ina wakaguzi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iko. Swali la kuuliza mwenye ploti anayeongeza ghorofa ni rahisi na halina matusi: michoro iliidhinishwa na nani? Swali hilo hilo muulize MCA akija kuomba kura.

Skwota wa 1928 hakuwa na wa kumuuliza. Hakupiga kura, hakuandikwa, na kilichomwokoa ni umaskini wa nyumba yake. Sisi nyumba zetu zimekuwa nzito, na kura tunazo. Leo jioni, kabla geti halijafungwa, uliza tu ufunguo wa pili uko kwa nani.