Gazeti Lililonunua Stori Ili Kuzizika

Wasee, mkisikia gazeti la udaku la Marekani mnafikiria nini? Wengi watasema uongo: viumbe kutoka sayari nyingine, staa aliyekufa kitambo ati ameonekana akinunua mkate. Sawa, lakini hiyo ni sehemu nyepesi ya stori. Nimekuwa nikisoma historia ya National Enquirer, na kilichonikamata zaidi ni zile stori walizolipia pesa nzuri halafu wakaamua zisitoke kabisa.

Gazeti lenyewe lilianza New York mwaka 1926 likiitwa New York Enquirer. Mwanzilishi alikuwa William Griffin, na mtaji alikopeshwa na William Randolph Hearst, yule tajiri wa magazeti, ambaye alilitumia kama uwanja wa majaribio. Wazo likishika, linahamia kwa magazeti yake makubwa. Likikataa, Griffin anabaki nalo. Kufika 1952 lilikuwa limechoka kabisa, linauza nakala kama 17,000 tu. Ndipo akaja Generoso Pope Jr., kijana wa miaka 25, akalinunua kwa dola 75,000.

Huyu Pope alikuwa msee wa ajabu. Alisomea uhandisi MIT, akafanya kazi CIA kwa muda mfupi, na babake alikuwa ndiye mwenye gazeti kubwa la Waitaliano wa New York. Rafiki wa familia yao alikuwa Frank Costello, bosi wa mafia. Inasimuliwa kwamba wazo lake la biashara lilimjia alipoona jinsi watu hujazana barabarani kutazama ajali. Akajiambia, hawa ndio wasomaji wangu. Basi akawapa damu: maiti, mauaji, picha za ajali, vichwa vya habari vya muuaji akieleza jinsi alivyoutoa moyo wa mwanamke na kuukanyaga. Katikati ya miaka ya 1960 gazeti likagonga karibu nakala milioni moja, halafu likakwama hapo.

Na hapa ndipo naona akili ya Pope ilikuwa kali kuliko ya wengi wetu tunaojiita wajuzi wa kushika watazamaji. Aliona kwamba vibanda vya magazeti mjini vinakufa, kwa sababu familia zinahamia mitaa ya nje ya mji na kila wiki zinaenda supamaketi. Akataka gazeti lake likae pale kwa keshia, mahali umesimama na kikapu huna la kufanya ila kutazama. Lakini supamaketi gani itakubali maiti karibu na peremende? Kwa hivyo mwisho wa miaka ya 1960 akaitoa damu yote, na mahali pake akaweka mastaa, utabiri, miujiza, lishe ya kupunguza kilo na vituko. Ile mihemko haikuenda popote, ilibadilishwa nguo tu.

Mwaka 1971 akahamisha ofisi hadi Lantana, mji mdogo wa Florida, akaleta maripota wengi kutoka magazeti ya London, watu waliozoea kazi chafu. (Kila Desemba huyo huyo bosi wa udaku alikuwa anasimamisha mti mkubwa ajabu wa Krismasi nje ya ofisi, na watu walitoka mbali kuja kuutazama. Siwezi kuiacha hiyo.)

Silaha yao kubwa ilikuwa pesa. Magazeti ya heshima Marekani yalisema kulipa mtu akupe habari ni mwiko. Enquirer walilipa wazi wazi: wahudumu, madereva, hata watu wa ukoo. Elvis Presley alipokufa Agosti 1977, mmoja wa jamaa zake alimpiga picha akiwa ndani ya jeneza, na picha ikatoka ukurasa wa kwanza. Toleo hilo liliuza zaidi ya nakala milioni 6, kwa gazeti ambalo miaka 25 nyuma lilikuwa linauza 17,000.

Kuna mtu mmoja aliyewafanya waumie. Mwaka 1976 waliandika kwamba mwigizaji Carol Burnett alileta fujo kwenye mkahawa mmoja Washington na kubishana na Henry Kissinger, kwa namna ya kuonyesha kwamba alikuwa amelewa. Burnett, ambaye wazazi wake wote walisumbuliwa na pombe, hakuiacha ipite. Wakamwomba radhi gazetini, na California kulikuwa na sheria inayolipa gazeti afueni likirekebisha kosa. Lakini mahakama ikasema Enquirer halistahili kinga hiyo kwa sababu hilo ni jarida, halina haraka ya gazeti la habari. Eti walipeleka karatasi yao mahakamani ikarudi imevuliwa cheo! Mwaka 1981 juri likampa dola milioni 1.6. Baadaye kiasi hicho kilipunguzwa sana na wakamalizana nje ya mahakama, lakini mastaa wengine walikuwa wameona kwamba hawa watu wanashtakika.

Pope alikufa 1988, na mwaka uliofuata gazeti na kampuni yake vikauzwa dola milioni 412.

Sasa, kabla uwatupe wote kwa pipa, kuna ukweli mgumu: mara nyingine walikuwa sahihi kuliko wote. Mwaka 2007 waliandika kwamba John Edwards, aliyekuwa anataka urais, ana mwanamke wa nje. Vyombo vikubwa vikapuuza, si ni Enquirer tu. Julai 2008 maripota wao wakamfumania hotelini Beverly Hills, na Agosti akakiri. Kwa hivyo ukiniambia hawa walikuwa waongo tu, nakataa. Walijua kutafuta ukweli vizuri sana, na ndio maana kilichofuata kinauma.

David Pecker alikuwa ameichukua kampuni tangu 1999. Agosti 2015 alikutana na Donald Trump na wakili wake Michael Cohen ndani ya Trump Tower, akaahidi kuwa macho na masikio ya kampeni. Stori mbaya ikijitokeza sokoni, Enquirer inainunua, mwenyewe anasaini asiuzie mwingine, halafu inafungiwa droo. Mwanamitindo mmoja alilipwa dola 150,000 hivyo mwaka 2016. Mwaka 2018 kampuni ilikiri kwa waendesha mashtaka kwamba malipo hayo yalikusudiwa kuzuia habari isiathiri uchaguzi. Upande wa pili, wapinzani wa Trump walikuwa wakichomwa ukurasa wa kwanza, pale pale kwa keshia.

Msomaji wa supamaketi alidhani analipia kuambiwa siri za wakubwa. Kumbe mkubwa mmoja alikuwa amepewa kiti ndani ya chumba cha wahariri.

Pecker alieleza haya yote chini ya kiapo Aprili 2024, kwenye kesi ya New York ambapo Trump alipatikana na hatia kwa mashtaka 34. Alizungumzia pia bawabu mmoja aliyelipwa dola 30,000 kwa fununu kwamba Trump ana mtoto wa siri. Wakaichunguza, wakakuta si kweli. Lakini Pecker alisema kama ingekuwa kweli, pengine ingeuza kuliko toleo lolote tangu Elvis afe, na hata hivyo angeingoja hadi uchaguzi upite.