Kiambishi -ing cha Kiingereza: Historia Yake na Funzo kwa Mwanasarufi

Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki anapofundishwa Kiingereza huelezwa mapema kwamba kiambishi tamati -ing ni alama ya tendo linaloendelea. Kanuni hiyo humfaa katika sentensi "she is reading", lakini humwacha njiani mara akutanapo na "reading is useful", ambapo hapana tendo lolote linaloendelea. Tatizo hili halifumbuliwi kwa kuongeza kanuni nyingine darasani. Sharti litazamwe kihistoria.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kabla ya mwaka 1100 hivi, viambishi vilikuwa viwili. Kiambishi -ende kilimweleza mtendaji akiwa katika tendo. Neno "singende" lilikuwa na maana ya "aimbaye" au "akiimba". Kiambishi -ung, ambacho pengine kilitokea kama -ing, kiliunda jina la tendo lenyewe, kama "leornung", yaani kujifunza. Katika Kiingereza cha Kati kiambishi cha kwanza kilitofautiana kufuata lahaja: -inde kusini, -ende sehemu za kati, na -and kaskazini. Huko kusini -inde kilikaribiana na -ing kimatamshi, vikachanganyika, na kufikia mwisho wa karne ya 15 -ing kilikwisha kutwaa kazi zote mbili katika lugha ya London. Masalio ya umbo la kale yangalipo: "friend" asili yake ni "apendaye", na "fiend" ni "achukiaye".

Urithi huo wa pande mbili ndio uliozua ugomvi wa wanasarufi. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi kilichotaka pande hizo zitengwe: -ing ikitanguliwa na "the" ni jina, basi sharti ifuatwe na "of", isipotanguliwa hivyo, ibaki kitenzi. Waandishi wengi kabla yake walikuwa wamechanganya miundo hiyo miwili bila kutatizika.

Ugomvi wa pili ulihusu hali ya kutendwa. Kwa muda mrefu Waingereza walisema "the house is building", maana yake nyumba ingali katika kujengwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 ukazuka muundo mpya, "the house is being built". Uliondoa utata, kwa kuwa sasa mtendaji na mtendwa waliweza kutofautishwa. Hata hivyo ulipingwa vikali. Richard Grant White wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliutengea sura nzima ya kuulaumu. Leo muundo aliolaumu ndio wa kawaida, na ule wa zamani ndio unaomshangaza msomaji.

Ugomvi wa tatu ulimhusu H. W. Fowler, aliyekataa sentensi kama "I dislike him singing", akidai iwe "his singing". Mwaka 1926 Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alimjibu kwa mifano mingi ya waandishi mashuhuri waliotumia muundo huo. Hoja ya Fowler ilikuwa kwamba muundo huo hauchanganuliki kisarufi. Ya Jespersen, kwamba mwanasarufi hueleza lugha jinsi ilivyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili hastaajabu kuona neno moja likiwa jina na kitenzi pamoja. Katika "kukisoma kwake kitabu kile kulitufaa", neno "kukisoma" limebeba kiambishi cha mtendwa kama kitenzi, likafuatwa na kimilikishi kama jina, na hakuna asemaye kwamba sentensi hiyo ni mbovu. Ila kazi ya -ing ya "she is reading" haifanywi na ku- katika Kiswahili, bali na -na- au -ki-. Kwa hiyo mwalimu afundishaye kwamba -ing ni sawa na -na- humpotosha mwanafunzi katika lugha zote mbili: humficha jina lililomo katika -ing, na humfanya adhani kuwa "anasoma" haiwezi kuwa na maana ya mazoea, hali "Juma anasoma Chuo Kikuu" husemwa hata Juma akiwa usingizini.

Lowth, White na Fowler walikuwa wajuzi wa lugha yao wenyewe, na bado matumizi ya watu yaliwapita. Anayepima sarufi ya Kiswahili kwa vipimo vya Kiingereza yumo katika hatari kubwa kuliko yao, kwani hata vipimo vyenyewe havikutulia huko vilikotoka.