Mfalme Mwenye Jino la Buluu na Vita vya Nyaya

Msomaji, ukikutana na mtu aliyetumia kompyuta miaka ya 1990, mwulize habari za nyaya. Atacheka kwanza, halafu ataguna. Nyuma ya meza yake palikuwa na msitu: waya wa kibodi, wa mausi, wa modemu, wa spika, na ule wa printa, mnene kama mkia wa kenge. Kila mmoja ulikuwa na kichwa chake na tundu lake. Ukipinda pini moja tu, umekwisha. Ukitaka kuhamisha meza, kazi ya nusu siku.

Makala hii ni historia ya jinsi nyaya zile zilivyokatwa. Ufundi ulikuwa mgumu, sawa, lakini kumbe palikuwa na jambo gumu zaidi ya ufundi: nani akubali kuachia kilicho chake?

Majaribio ya mwanzo yalitumia mwanga. Novemba 1983 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza PCjr, kompyuta ya nyumbani yenye kibodi isiyo na waya. Kibodi ile ilituma herufi kwa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ule ule wa rimoti ya televisheni. Wazo lilikuwa zuri, ila mwanga una tabia zake. Haupindi kona, wala haupenyi kitabu. Weka kikombe katikati, herufi hazifiki. Weka PCjr mbili darasa moja, kibodi ya huyu inaweza kuandika kwenye kompyuta ya yule! Mwisho wa yote IBM ikawa inauza waya wa kuunganishia kibodi yake isiyo na waya. Jamani, hicho si kichekesho? Mwaka 1985 ikaacha kuitengeneza PCjr.

Mwaka 1991 kampuni ya Logitech, iliyozaliwa Uswisi, ikaleta mausi iliyotumia redio badala ya mwanga. Redio inapenya kitabu, inapita chini ya meza, haijali kikombe. Tatizo ni kwamba mausi ile ilielewana na kipokezi chake tu. Miaka miwili baadaye, 1993, makampuni kadhaa yaliungana kupanga utaratibu mmoja wa infraredi, ili kifaa cha huyu kiweze kuzungumza na cha yule. Lugha ikawa moja, lakini mwanga ni ule ule: lazima vifaa vitazamane uso kwa uso, umbali wa mita moja hivi. Kwa hiyo wenye redio walikosa lugha moja, na wenye lugha moja walikosa redio.

Hapo ndipo tunafika Lund, mji wa kusini mwa Uswidi. Katika ofisi za kampuni ya simu ya Ericsson, mkuu wa teknolojia Nils Rydbeck alitaka redio ndogo ya masafa mafupi. Mwaka 1994 kazi ile ilikuwa mikononi mwa wahandisi, miongoni mwao Mholanzi Jaap Haartsen na Mswidi Sven Mattisson. Masharti yalikuwa makali: iwe rahisi kwa bei, ile betri kidogo, na itumie masafa yasiyohitaji leseni popote duniani.

Masafa ya aina hiyo yalikuwepo, karibu na gigahezi 2.4. Lakini kitu cha bure kina wageni wengi, si unajua? Hata oveni za maikrowevu hupiga kelele zake humo humo. Ni kama kujaribu kunong'ona Kariakoo saa sita mchana. Dawa yake ilikuwa kurukaruka. Vifaa viwili vinakubaliana mpangilio, kisha vinahama pamoja kutoka njia moja hadi nyingine kati ya njia 79, mara 1,600 kwa kila sekunde. Kelele ikiziba njia moja, wao wameshahama zamani.

Wazo la kurukaruka lenyewe halikuzaliwa Lund. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr, mzaliwa wa Austria, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza Marekani kwa mtambo wa kuongoza silaha za majini kwa redio inayoruka kati ya masafa 88, idadi sawa na vibonyezo vya piano. Si wao waliokuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo, na jeshi halikuutumia mtambo wao wakati ule. Hata hivyo, ninyi wasanii wenzangu mnaoambiwa sanaa haina kazi, liwekeni hilo kichwani.

Basi, ufundi ukapatikana. Sasa Ericsson ifanye nini? Ingeweza kufungia mali yake kabatini na kutoza kila anayeigusa. Lakini wewe fikiria: simu ya Ericsson inayoelewana na vifaa vya Ericsson peke yake ina faida gani? Nani ataiwekea redio hiyo kompyuta? Intel ya Marekani na Nokia ya Ufini nao walikuwa na mipango kama huo, kila mmoja akiuita kwa jina lake. Njia zilikuwa mbili: kugombana, au kukaa meza moja.

Jina lilitokana na maongezi ya baa. Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel alikuwa Toronto, Kanada, pamoja na Sven Mattisson. Shughuli za mchana hazikuwaendea vizuri, jioni wakaenda kunywa na kupiga soga za historia. Mattisson alikuwa amesoma riwaya ya Mswidi Frans G. Bengtsson kuhusu Waviking, na ndani yake yumo mfalme Harald, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu. Kardach aliporudi nyumbani alimsoma zaidi mfalme huyo. Harald alitawala Denmark karne ya 10, na kwenye jiwe alilochongesha pale Jelling alijivunia kwamba alijipatia Denmark yote pamoja na Norwei. Mfalme aliyeunganisha! Kardach akapendekeza mradi uitwe Bluetooth, kwa muda tu, mpaka wauza bidhaa wapate jina la heshima.

Jina la heshima halikupatikana kwa wakati. Moja lilikuwa limeshatumiwa na watu wengi mno, lingine uchunguzi wake ulichelewa. Mei 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba zikatangaza umoja wao, na jina la muda likabaki. Nembo yake ni herufi mbili za kale za Kaskazini, H na B za mfalme, zimeunganishwa. Na sharti la umoja ndilo kiini cha habari hii: anayejiunga anapewa ruhusa ya kutumia hataza zinazohitajika bila kulipa mrabaha. Toleo la kwanza likatoka 1999. Leo wanachama ni zaidi ya 30,000. Aliyeachia ndiye aliyeenea.

Sasa tuje kwetu. Miaka ya 2000, simu zenye Bluetooth zilipoingia Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, sidhani kama wengi walizinunua ili waachane na waya wa printa. Printa ya nani? Vijana waliona kitu kingine: wimbo unaweza kutoka simu hii kwenda ile bila vocha na bila intaneti. "Nirushie" ikapata maana mpya. Kwa toleo la awali, lenye mwendo usiozidi kilobiti 721 kwa sekunde, wimbo wa megabaiti 4 ulichukua sekunde 45 hivi kwa hesabu za karatasi, na mtaani mara nyingi zaidi. Watu walisubiri, simu zimelazwa kando kando. Bongo Fleva ikasafiri ndani ya daladala kutoka mfuko hadi mfuko.

Lakini tusijipongeze haraka. Ericsson iliachia kilicho chake, kwa hiari, baada ya kupiga hesabu zake. Je, msanii tuliyerushiana wimbo wake alikaa meza gani? Nani alimwuliza? Jina lake lilifika vijiji asivyovijua, na pengine alialikwa jukwaani kwa sababu hiyo, ila nakala zile zilizopita mikononi mwetu hazikumwachia hata shilingi ya nauli.

Sisi tunaoandika tuko njia panda hiyo hiyo. Shairi lisilotoka daftarini halina msomaji, kama redio iliyofungiwa Lund. Nasi tunalitoa, tunataka lisomwe, linakiliwe, lirushwe. Ila tulitoe wenyewe, tukijua tunaachia nini na tunabakiza nini. Na wa mwenzako ukikunogea, kabla hujaurusha, mwulize.