Njia ya Anga kutoka London hadi Afrika Kusini

Umbali kati ya London na Johannesburg, ukipimwa kwa mstari mfupi kabisa unaofuata mviringo wa dunia, ni takribani kilomita 9,000. Kasi ya injini peke yake haielezi jinsi muda wa safari baina ya Uingereza na Afrika Kusini ulivyopungua, kwa kuwa mahali pa kutua na ruhusa ya kupita vilikuwa na uzito uleule.

Marubani Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari 1920 na kufika Cape Town tarehe 20 Machi, ingawa saa walizokuwa angani hazikuzidi 110. Ndege yao ya kwanza iliharibika kusini mwa Misri. Ya pili ilianguka ilipokuwa ikipaa Bulawayo, mahali ambapo joto na mwinuko hupunguza uzito wa hewa na hivyo kudhoofisha nguvu ya mabawa, nao wakamaliza safari kwa ndege ya tatu. Viwanja walivyotua vilikuwa vimetayarishwa muda mfupi kabla na mamia ya vibarua wa Kiafrika, waliong'oa visiki na kubomoa vichuguu, na ambao majina yao hayamo katika vitabu vinavyowatukuza marubani. Historia yoyote ya njia hii inayowaacha nje ina upungufu mkubwa.

Shirika la Imperial Airways lilifikisha huduma yake Mwanza mwaka 1931 na Cape Town mwaka 1932, kwa safari ya siku zipatazo 11. Abiria walilala hotelini kila usiku, walibadilisha ndege njiani, na sehemu ya Ulaya waliivuka kwa treni kwa sababu serikali ya Italia iliweka vizuizi kwa ndege za Uingereza. Kuanzia mwaka 1937 zilitumika ndege za majini, yaani zenye kiwiliwili kama cha mashua na zisizohitaji kiwanja cha nchi kavu, ambazo zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet iliondoka London na kufika Johannesburg chini ya saa 24, baada ya kutua mara tano, ikiwemo Entebbe.

Hata hivyo, kuanzia mwaka 1963, nchi nyingi huru za Afrika zilipozifungia anga zao ndege za Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi wa rangi, ndege hizo zililazimika kuzunguka Afrika Magharibi juu ya bahari na baadaye kujaza mafuta katika kisiwa cha Sal, huku mashirika ya Ulaya yakiendelea kukata katikati ya bara. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, nao ulirefusha safari kwa saa kadhaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo safari hiyo huchukua saa 11 hivi bila kutua popote.