Mashine ya Kuchoronga Mwamba na Hesabu ya Vifo: Migodi ya Dhahabu ya Witwatersrand, 1899–1912

Historia ya mashine za kuchoronga miamba imezoeleka kuandikwa kama historia ya kasi: nyundo na tindo viliupisha mtambo unaoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na tundu la baruti lililomchosha mtu kwa saa nyingi likakamilika kwa muda mfupi. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaipima mashine kwa urefu wa tundu na kulisahau vumbi lililotoka tunduni.

Mwamba wa Witwatersrand, Afrika Kusini, una silika nyingi. Ulipochorongwa kwa mashine bila maji, ulitoa ukungu wa chembe ndogo mno, zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi, na aghalabu huifungulia mlango kifua kikuu.

Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilipozuka Oktoba 1899, migodi mingi ilisimama na wachorongaji wakatawanyika. Wapo waliorejea kwao Cornwall, Uingereza. Uzalishaji ulipoanza upya, maofisa wa madini wa Transvaal walibaini kwamba kati ya wachorongaji 1,377 waliotumia mashine kabla ya vita, 225 walikuwa wamekwisha kufa. Ni takribani mmoja kati ya sita, katika muda usiotimia miaka mitatu. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 1902. Kinga haikuwa siri: huko Colorado, Marekani, J. George Leyner alikwisha kuunda mashine yenye chuma cha kuchorongea kilicho wazi katikati, kinachopitisha maji hadi kwenye ncha. Lakini mchorongaji alilipwa kwa kipimo cha mwamba aliouchoronga, na maji yalimlowesha na kumchelewesha. Kumlaumu yeye kwa uzembe, kama ilivyofanywa mara kwa mara, ni kuusahau mfumo uliompangia ujira.

Hata hivyo, hao 1,377 walikuwa wazungu. Waafrika waliowasaidia mashineni, waliochoronga kwa mkono na waliozoa mawe katika vumbi lilelile hawamo katika hesabu hiyo. Ilidaiwa kwamba mikataba yao mifupi iliwakinga. Ukweli ni kwamba wengi walirudi kwa mkataba mwingine, na aliyeanza kukohoa alirejeshwa kwao. Sheria ya fidia ya mwaka 1912 iliwanufaisha wachimbaji wazungu kuliko Waafrika, tena kwa mbali.

Kwa hiyo takwimu ya 225 inafaa kusomwa kama kiwango cha chini cha maafa, na ukimya wa madaftari juu ya Waafrika usichukuliwe kuwa ushahidi wa uzima wao. Wengi wao walitoka kusini mwa Msumbiji, Gaza na Inhambane, na huko ndiko walikokwenda kufia. Mtafiti anayetaka kuwahesabu hana budi kuanzia katika kaya zao, kwa masimulizi ya waliowauguza.